Wiki ya Pasi

Wee, nyinyi wa kwa mlango, ingieni mkae. Chai ni nyingi, inaweza kuogesha Kabiria yote na ibaki ya Kawangware. Na nyinyi wasichana wa simu, hebu wekeni chini kidogo, huyo mtu mnaongea naye hatakauka kwa saa moja. Tumerudi jana kutoka kumzika Anti Rispa, macho yetu bado imevimba kama mandazi, na mimi nimeambiwa nimwongelee juu namjua kuliko kitambulisho yake. Nitawapea mwaka moja tu. Mambo ya nani alizaliwa wapi na baba yake alikuwa na ng'ombe ngapi tutaruka, hiyo mlisikia kwa mazishi mpaka mkasinzia. Mnanijua mimi ni mtu wa chumvi: nikiona panya nasema nimeona mbuzi. Lakini hii ya leo, pale nitaongeza mtajua wenyewe, na pale sijaongeza pia mtajua, juu sauti yangu itashuka. Anti mwenyewe alinipa ruhusa akiwa kitandani na akili yake yote. Aliniambia, "Nafula, uwaambie yote. Hata ile ya aibu. Sana sana ile ya aibu."

Nyinyi mnamjua Anti Rispa wa kusimamisha msichana kwa njia, hata hajamaliza kumsalimia, anamuuliza, "Yako inakaa siku ngapi? Na unahesabu kutoka wapi mpaka wapi?" Wasichana walikuwa wanamkimbia kuliko wachuuzi wanakimbia askari wa kanjo. Mimi namkumbuka Rispa wa kabla ya huyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nikija kukaa kwake, hapa tu Kabiria, kwa nyumba ya mabati ya chumba moja. Hiyo chumba ilikuwa ndogo mpaka ukitaka kugeuka kitandani unaomba jirani ruhusa. Ilikuwa na kitanda moja ya Anti, godoro moja ya chini ya sisi wasichana wawili, pazia ya maua katikati, na harufu ya sabuni ya mche na makaa ya pasi, ile harufu ilishika mpaka kwa ugali. Nikisikia hiyo harufu leo natafuta godoro yangu. Na kwa ukuta, juu ya jiko, ilikuwa kalenda ya duka ya vyuma, imechorwa geti ya bluu. Hiyo kalenda ndiyo ilikuwa serikali yetu.

Kazi yetu ilikuwa kufulia watu nguo huko Kilimani. Tulikuwa tunatoka asubuhi kwa miguu, tunapitia Kawangware, tunatokea chini huko, mpaka kwa flati moja ya gorofa nane. Mimi huwa nasema kumi na nne, juu mguu yangu ndiyo ilihesabu. Anti Rispa alikuwa ameishika hiyo flati yote. Kila nyumba ilikuwa yake, kila ufunguo walimwachia yeye, na sisi tulikuwa jeshi yake: mimi, na Imelda, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na kicheko ya kuamsha watoto wa jirani. Nguo tulifulia kwa balkoni, kisha tunapanda na beseni mpaka juu kabisa kwa paa, kwenye kamba za kuanika. Na niwaambie, mtu wa kufua anajua mambo. Bwana ya mtu anaweza kukaa na yeye miaka ishirini hajui, lakini mimi shuka iliniambia. Nilijua gorofa ya tatu inaanza lini, gorofa ya tano inaisha lini, na gani imeruka mwezi na sasa watu wanafurahi ama wanalia. Kitu ya kwanza Anti alinifunza si kupiga pasi, ni damu na maji. Maji baridi na chumvi, upesi, kabla haijakauka. Ukimwagia maji moto, damu inashika shuka milele kama mtu ya deni. Niliijua damu ya Kilimani yote. Yangu mwenyewe nilikuwa siijui.

Sasa, wiki ya pasi. Anti Rispa alikuwa na roho, msimwone vile alikuwa anapiga kelele. Hakutaka msichana wake ainame kwa beseni ama apande hizo ngazi akiwa kwa siku zake. Kwa hivyo alipanga: kutoka tarehe kumi na mbili mpaka tarehe kumi na tano, sisi hatufui, tunakaa ndani tunapiga pasi na kukunja nguo. Yeye ndiye alifua siku hizo, peke yake, bila kulalamika. Alizungusha hiyo kumi na mbili na kalamu nyekundu kwa kila mwezi ya hiyo kalenda, Januari mpaka Disemba, siku ile ile iliponing'inizwa. Kwake wanawake wakilala nyumba moja, wakipikiwa sufuria moja, mwezi yao inakuja pamoja, siku moja, inakaa siku tatu, inaenda. Mwenye yake haijakuja kumi na mbili ana mimba. Mwenye yake inazidi kumi na tano ameenda kwa wanaume wabaya. Hakukuwa na mlango ya tatu.

Na haikuwa maneno tu. Kabla yangu kulikuwa na msichana mwingine kwa hiyo godoro. Tarehe kumi na mbili ikafika, yake haikufika. Mwezi uliofuata pia. Anti akamfungia nguo kwa mfuko, akampeleka mpaka kwa basi, akamrudisha kwao kwa sababu watu wa flati hawataki mama fua mwenye tumbo. Nilisikia hiyo hadithi siku ya kwanza kabla hata ya kupewa kikombe. Yenye sikuambiwa, nikaja kuambiwa na Imelda tukiosha vyombo, ni kwamba huyo msichana alikaa kwao mwaka mzima na mtoto hakuzaliwa. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa tu na tarehe.

Mimi yangu ilikuwa inatembea pole pole. Inakuja leo, halafu inapotea wiki nne na siku zingine juu yake, halafu inakuja ikiwa safi, siku tano, kwisha. Mwezi ya kwanza kwa Anti bahati ilinibeba. Mwezi ya pili nilikaa kwa pasi na sina kitu. Nikaogopa ile basi ya kurudishwa kwetu. Basi nikafanya nini? Nikadanganya. Tarehe kumi na mbili nikashika tumbo, nikasema "woi, Anti, mgongo," nikapewa pasi, nikapiga mashati ya gorofa nane nikiwa mkavu kama biskuti. Halafu yangu ya ukweli ikakuja kumi na saba, siku ya kufua, nikapanda hizo ngazi na beseni kichwani nikimwomba Mungu shuka zisipishane na sketi yangu. Imelda ndiye alinishika. Aliniona nikikunja pedi safi, haijatumika, nikiifunga kwa gazeti ili Anti aione kwa takataka. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe wewe unazika mtu hajakufa?"

"Usiseme, Imelda. Aki, usiseme. Nitaenda wapi?"

Akaacha kucheka. Akaniambia, "Basi na mimi nikuambie. Yangu haiishi."

Sikuelewa. Akanionyesha beseni ndogo aliyokuwa ameificha nyuma ya jiko, vitambaa zake ndani, maji nyekundu. Ilikuwa jioni ya tarehe kumi na tano, siku ya kumaliza. Pedi hazikumtosha, alikuwa anapasua fulana za zamani. Ilikuwa inaanza kama tarehe saba, kabla ya sisi wote, inaenda mpaka mwezi ya kalenda ikaribie kuisha, inapumzika siku chache, inarudi. Na mabonge. Kila tarehe kumi na tano alikuwa anamwambia Anti "nimemaliza," anarudi kwa beseni na ngazi. Tukaapa, mimi na yeye, hapo kwa jiko. Yeye hasemi yangu, mimi sisemi yake. Nimekula viapo kanisani mara nyingi, hakuna yenye nimeshika kama hiyo, na hakuna yenye nimejuta kama hiyo.

Sasa mnajua mimi nikiogopa ninafanya mzaha. Nilimwita Ndakaini, ile dam ya maji ya Nairobi. Nilikuwa nasema, "Mwaka huu mifereji haitakauka, Ndakaini yetu imejaa." Naye alikuwa anacheka, ananipiga na kitambaa. Nilimwita hivyo miezi minne. Sai nikikaa peke yangu naisikia hiyo kicheko yake venye ilikuwa inapungua. Mwanzo ilikuwa inaamsha watoto wa jirani. Mwisho ilikuwa inatoka kama pumzi tu. Alikuwa ameanza kula ile mawe ya udongo ya sokoni, ile laini ya rangi ya kijivu, anaitafuna kama karanga, anasema mwili unaitaka. Kwa ngazi alikuwa anasimama kila gorofa, anashika ukuta, anasema "ngoja moyo ishuke." Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Mtu wa kujua damu kwa shuka ya kila gorofa, nikamwangalia huyo mtu akiisha mbele yangu na nikatafuta jina ya kumchekesha.

Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia na Anti alikuwa mlangoni na mama jirani. Huyo jirani akamwambia, "Rispa, huyo msichana wako mwembamba anakaa vibaya. Hana rangi."

"Nani, Imelda? Huyo anasafishwa. Damu chafu ikitoka mtu anakuwa mpya. Wasichana wangu hawana shida, mama. Wote kumi na mbili, wote siku tatu, kama saa ya kanisa."

Alisema hivyo na furaha kubwa. Mimi nyuma ya pazia ningetoa tu kichwa. Hatua tatu. Nikaendelea kukunja soksi.

Ilikuwa Jumamosi, ile baridi ya Julai inaingia mpaka kwa meno. Tarehe ilikuwa ishirini na tano. Imelda alikuwa anapanda kwa paa na beseni ya shuka mbichi, na mimi nilikuwa nyuma yake na yangu. Gorofa ya saba akasimama. Nikamwambia, "Songa, Ndakaini, unafunga barabara." Akageuka kama anataka kunijibu, mdomo ikafunguka, halafu magoti yake ikakunjika pole, kama mtu anakaa kwa kiti chenye hakiko. Beseni ikashuka ngazi ikipiga kelele mpaka chini. Na kutoka kwake ikatoka damu, kwa ngazi, kwa simiti, mingi. Hapa sijaongeza chumvi.

Anti akatoka mbio, akaona, akapiga kelele, "Maji baridi! Nafula, maji baridi, upesi kabla ikauke!" Na mimi nikaenda. Nikaleta ndoo, nikapiga magoti, nikaanza kusugua ngazi. Rafiki yangu amelala hapo, kichwa kwa ukuta, na mimi nasugua ngazi ya watu, na Anti anasugua upande ule mwingine. Ndiyo kitu mikono yetu ilijua. Mpaka mama wa nyumba ya hapo gorofa ya saba akafungua mlango na kikombe ya kahawa, akatuangalia, akasema, "Mnaosha nini nyinyi? Mtu anakufa!" Huyo mama alituweka kwa gari yake, akaweka Imelda kwa kiti ya nyuma kichwa kwa mapaja yangu, na hakuuliza juu ya kiti. Namwombea baraka huyo mama mpaka leo, ingawa jina yake sikuwahi kujua. Nilijua shuka zake tu.

Hospitalini walimweka kwa kitanda ya magurudumu. Sista mmoja, mwembamba, sauti kama ya mwalimu, akamvuta jicho chini akaangalia, akashika kiganja, akauliza bila kutuangalia, "Amekuwa akitoa damu siku ngapi?"

Anti Rispa akajibu haraka. "Yake huwa siku tatu, Sista. Kama sisi wote."

Sista akamwangalia Imelda. Na Imelda, hata hapo, midomo ikiwa rangi ya majivu, akaitikia na kichwa. Siku tatu. Halafu akanitazama mimi. Alikuwa anashika kiapo. Alikuwa anakufa na anashika kiapo yangu, juu akisema yake, yangu itatoka. Nimesimama mahali pengi kwa hii maisha, nimesimama mbele ya mwenye nyumba na marungu, lakini hapo kando ya hiyo kitanda ndipo miguu yangu ilikuwa mizito kuliko zote.

Nikasema, "Siku kumi na tisa."

Anti akageuka. "Nani amekuambia? Unajuaje wewe?"

"Nimeona vitambaa, Anti. Miezi minne. Inatoka na mabonge. Anapumzika wiki haiishi, inaanza tena." Na kwa vile mlango ulikuwa ushafunguka, nikatoka na kila kitu. "Na mimi yangu ilikuja kumi na mbili mara moja tu. Nilikuwa nakudanganya. Sina mimba, Anti, naapa, inakuja tu na yake."

Sista alikuwa ashaondoka mbio na hiyo kitanda, anaita watu, anasema damu, damu, leteni damu. Tulibaki kwa benchi sisi wawili na beseni yetu tupu, sijui hata nani aliibeba. Tulikaa hapo mpaka mchana ikaisha. Mara moja tu Anti alisema, kama anajiambia mwenyewe, "Nilimletea hiyo mawe nikirudi kutoka soko. Nilimnunulia mwenyewe."

Alipona. Huyo Imelda ndiye huyo anawagawia mkate hapo, mmeona vile amenona. Aliongezewa chupa tatu za damu, mimi nasema kumi, na baadaye daktari akasema kuna vinyama imeota kwa kizazi, ndizo zilikuwa zinamwaga hiyo damu, na zinatibiwa. Siku ya tatu tukaruhusiwa kumwona. Alikuwa amekaa na mto mgongoni, na nilipoingia nikashindwa hata kusema mzaha moja. Akaniambia, "Ongea basi. Ama Ndakaini imekauka?" Nikalia kama mtoto, mbele ya wodi yote.

Yule Sista akaja, akatukuta hapo watatu, na akaamua kutufunza. Akachukua boksi ya dawa, akapasua, akachora na kalamu. "Nani kati yenu anajua kuhesabu?" Hakuna aliinua mkono. "Unahesabu kutoka siku damu inaanza mpaka siku inaanza tena. Sio kutoka inaisha. Umeelewa? Mtu mzima, siku ishirini na moja mpaka thelathini na tano, hiyo ni sawa. Ikicheza siku mbili tatu, sawa. Inakaa siku mbili mpaka saba, sawa. Wewe yako ni ngapi?"

Nikahesabu na vidole, vya mikono na vya miguu ndani ya viatu. "Thelathini na tatu, Sista."

"Basi hauna ugonjwa na hauna mimba. Una hesabu yako tu."

Miezi yote hiyo nimebeba pedi tupu kwa gazeti kama mwizi, na nilikuwa mzima. Anti Rispa akasema pole pole kwamba wanawake wa nyumba moja huwa pamoja, sisi ni tarehe kumi na mbili, ndivyo alifunzwa. Sista akamwambia, "Mama, kwani mkilala pamoja viatu zenu zinakuwa saizi moja?" Halafu akageukia boksi yake, na hapa hakuwa anacheka. Ikipita siku saba, saba na kidogo, usingoje. Ukibadilisha pedi kila saa moja ama mbili, usingoje. Mabonge ya kushinda sarafu ya shilingi kumi. Damu katikati, kabla siku zako kufika, ama ukishalala na bwana. Kizunguzungu, moyo kupiga kwa ngazi. Maumivu ya kukufanya usiende kazi. "Na ikipotea miezi mitatu na si mimba," akasema, "hiyo pia usiseme ni mwili umepumzishwa. Hiyo pia mtu anakuja anaangaliwa. Haikaliwi nyumbani."

Anti alikuwa ameketi mwisho wa kitanda akimenyea Imelda chungwa. Kisu ikasimama. Maganda ikabaki inaning'inia, ndefu, haijakatika.

Sista hakuona. Alikuwa bado na boksi yake, anachora duara. "Sasa niambieni. Huyu ya kwake inaanza saba. Huyu inaanza popote. Hiyo kumi na mbili mnashika kama Krismasi, ilikuwa ya nani?"

Imelda akaniangalia. Mimi nikamwangalia Imelda. Halafu sisi wawili, pole pole, tukageuza vichwa tukamwangalia Anti Rispa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Aliweka chungwa chini kwa shuka, akapangusa mikono kwa leso, na kwa sauti yenye wodi yote ilisikia mpaka kwa mlango, akasema:

"Mnaniangalia nini? Hata mimi nimeingoja hiyo kumi na mbili miaka tisa na haijawahi kurudi!"